Yai Bila Kiini kwa Mjumbe wa Chama

Kuku wa Kalonji walianza kutaga mwezi ule ule ambao mjumbe wa Chama aliteremka Kindu kutoka Kinshasa. Kama kuku wangekuwa na akili hata ya kujaza kijiko cha chai, wangesubiri aondoke kwanza.

Kalonji alikuwa fundi wa breki kwenye reli, mtu wa Kasai aliyehamishiwa Kindu kutoka Lubumbashi. Mtaani walimwita Baba Musau, kwa jina la binti yake mkubwa. Vifaranga alikuja nao kwa gari moshi, ndani ya boksi la maziwa ya unga alilolipakata magotini safari nzima, akikataa hata kulala ili wasije wakakosa hewa. Walikuwa kuku wa kizungu, weupe kama shati la padri, na mtaa mzima uliwatazama wakikua kwa wivu kidogo na mate mengi.

Yai la kwanza Ndaya, mke wake, alimletea juu ya kiganja.

"Baba Musau, angalia. Kuku yako imetaga kifungo ya koti."

Kweli, lilikuwa dogo kama la njiwa. Mauwa, jirani yao, mzaliwa wa Kindu aliyeuza wali na sombe ya majani ya muhogo pale stesheni, alichungulia juu ya ua wa matete na hakuhitaji kuombwa maoni.

"Ile hapana yayi, shemeji! Ile njo kidonge ya malaria. Meza na maji!"

Kalonji akacheka. Mzee aliyemuuzia vifaranga alikuwa amemwonya kwamba kuku mchanga mwili wake bado unajifunza kazi, mwanzoni atataga upuuzi mtupu, mtu asikimbilie kisu. Na upuuzi ukaja. Siku moja yai likatoka bila ganda, laini, linatikisika kama mfuko uliojaa maji. Kalonji akasaga makombe ya konokono wa mtoni, akayachanganya na pumba za mpunga. Mara kuku wakanyamaza, hakuna yai, kama waliogoma. Mara likaonekana yai kubwa, zito, mpaka Ndaya akamhurumia kuku aliyelitoa. Alipolipasua kwenye kikaango, viini viwili vikateleza nje, vikakaa kando kando kama macho.

"Mapacha!" Ndaya akapiga makofi. "Hii njo baraka."

Safari hii Kalonji hakucheka. Aliangalia vile viini viwili, kisha akaenda kufunga dirisha.

Maana mwaka ule ulikuwa mbaya kwa kuhesabu mpaka mbili. Nchi ilikuwa na Chama kimoja, na kila Mzaire alizaliwa ndani yake, mtoto wa tumboni akiwemo. Sasa redio za mbali zilikuwa zinanong'ona kwamba kuna watu Kinshasa wanaotaka chama cha pili, na kwamba wengi wao ni watu wa Kasai. Tangu hapo, Mkasai aliyepiga chafya mara mbili aliangalia nyuma yake.

"Usimwambie Mauwa," alisema.

"Mayayi?"

"Usimwambie."

Na alikuwa na sababu ya kuogopa. Kule stesheni kulikuwa na mpanga mabehewa aliyeitwa Henri, jina ambalo siku hizo lilisemwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa. Asubuhi moja bendera ikiwa inapanda, na watu wote wamesimama kama miti, kama ilivyoamriwa, nyigu alimuuma Henri shingoni. Henri akajipiga kofi. Kofi moja tu, la nyigu. Watu wenye miwani myeusi wakampakia kwenye gari la jipu. Aliporudi, mvua zilikuwa zimeshabadilika, na hakuna aliyejua alikotoka. Hakusimulia. Mtu akimwuliza tu hali, Henri aliangalia kwanza mlango, ndipo akajibu.

Basi mjumbe akafika, mwenye abakosti ya kijivu, suti ya Chama isiyo na tai, na tumbo lililogombana na kila chakula isipokuwa yai la kuchemsha. Mwenyekiti wa Chama mtaani, Banza, akapewa kazi ya kutafuta mayai. Huyu Banza zamani alikuwa Tharcisse, lakini jina hilo alilitupa mtoni siku ya kwanza kabisa, na ukimwita Tharcisse aligeuka nyuma kuona unamsema nani. Alikuja kwa Kalonji mbio, Kalonji akiwa kazini, akamkuta Ndaya.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanywa kwa heshima tupu.

Kwa akina Ndaya, nyumba ikipata kuku wapya, yai la kwanza kabisa haliliwi na wenye nyumba. Hupelekewa mkubwa wa pale mnapoishi. Na halichaguliwi: liwe kubwa, liwe dogo, lililotangulia kutoka ndilo linalokwenda. Ukimpa jingine badala yake umemdanganya mkubwa, na kuku wataacha kutaga. Ndaya alikuwa amelitunza lile yai la kifungo cha koti ndani ya mchele, akingoja mumewe aseme mkubwa wa Kindu ni nani hasa. Sasa mkubwa amejileta mwenyewe, tena kutoka Kinshasa! Akapanga mayai mazuri kwenye kikapu, na juu yake, ndani ya jani la mgomba, akaweka lile dogo.

"Hili njo ya heshima," alimwambia Banza. "Akule yeye mwenyewe, asigawie muntu."

Banza akakibeba kikapu kwa mikono miwili.

Kesho yake mchana akarudi bila kikapu. Abakosti yake ilikuwa imelowa jasho mgongoni. Kalonji alikuwa uani akirekebisha tundu la kuku, na alipoona jasho lile nyundo ilimtoka mkononi.

"Sitwayeni Kalonji," Banza alisema, kwa neno la Chama la kumwita mtu raia, na kwa kawaida alimwita Baba Musau. "Mulifanya nini?"

"Nilifanya nini?"

"Lile yayi ya heshima. Mpishi alilichemsha. Mujumbe akakata na kisu. Nyeupe. Akakata tena. Nyeupe. Nyeupe mpaka mwisho!"

Ndaya alitoka jikoni akifuta mikono. Banza akashusha sauti.

"Akauliza, manjano iko wapi? Sisi wote kimya. Akauliza tena, nani alitoa manjano kati kati ya hii yayi? Njo akainua macho, akaangalia bendera."

Kalonji naye, bila kutaka, aliiona bendera kichwani mwake: kitambaa cha kijani, na katikati duara la manjano lenye mkono ulioshika mwenge. Akaliondoa lile duara. Kijani kitupu. Akakaa juu ya tundu, na kuku ndani wakapiga kelele.

"Kuku ni mutoto bado," alisema. "Anataga vibaya juu ya utoto. Inapita."

"Hayo utamwambia yeye. Kesho asubuhi, kabla ya bendera kupanda, unaleta kuku pale biro. Anataka itage mbele ya macho yake."

"Kuku moja?"

"Moja. Kama yayi iko sawa, maneno imekwisha. Kama hapana..." Banza aliangalia kofia yake ndani, kama jibu liliandikwa humo. "Miye niko na watoto, Baba Musau. Kikapu niliibeba na hii mikono yangu."

Akaondoka akitembea upande upande, kama mtu anayejificha nyuma ya nguzo isiyokuwepo.

Ndaya hakulia. Alisimama mlangoni akiukunja na kuukunjua ukingo wa kitenge chake.

"Nilimupa heshima," alisema. "Kwetu mukubwa angelimeza na furaha."

"Najua."

"Peleka ile yenye kutaga muzuri."

"Njo ipi, Mama Musau?"

Swali hilo ndilo lililomla jioni nzima. Kuku wote walitaga katika kiota kimoja, na hakuwahi kukaa kuangalia nani anatoa nini. Kulikuwa na anayetaga bila ganda, kulikuwa na aliyetaga bila kiini, na mahali fulani kati ya wale weupe wanaofanana kama askari alikuwepo yule wa mapacha.

Alfajiri, mwanga ulipoanza kutosha, aliingia ndani ya tundu akawapitishia mkono juu ya migongo. Wengine walikimbia. Mmoja akachuchumaa na kutandaza mabawa, kishungi chake chekundu kama pilipili. Kuku anayechuchumaa hivyo yai liko njiani. Hilo Kalonji alilijua. Yai la namna gani, hapo alibaki na Mungu wake. Akamfunga mguu kwa kamba, akamtia kikapuni.

Mauwa alikuwa kando ya ua, sufuria la wali kichwani. Kalonji akangoja mzaha. Alitamani mzaha, wowote, hata wa kumtukana.

"Shemeji," Mauwa alisema. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akateremsha macho, akaenda zake stesheni.

Hapo ndipo Kalonji alipoogopa sawasawa. Mauwa alikuwa amefanya mzaha kwenye mazishi ya mumewe mwenyewe.

Mjumbe alikuwa amekaa barazani pa biro, ofisi ya Chama, mbele ya meza yenye kitambaa cheupe. Juu yake kulikuwa na chai, mkate na sahani tupu. Sahani ile tupu ndiyo Kalonji aliyoiona kwanza. Nyuma ya mjumbe alisimama jandarme mwenye bunduki, kijana mwenye mashavu ya mtoto, na pembeni Banza, rangi yake kama majivu. Katikati ya uwanja ulisimama mlingoti, na wafanyakazi wa biro walikuwa wameanza kujipanga.

"Weye njo Kalonji." Sauti ya mjumbe haikuwa kali. Ingekuwa kali, ingekuwa nafuu. "Kwenu ni wapi?"

"Kindu, mukubwa. Reli."

"Niliuliza kwenu."

"Kasai, mukubwa."

"Aa." Mjumbe akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Toa kuku ndani ya kikapu. Iweke hapa juu ya meza. Sitaki kitu chini ya kitu."

Kalonji akamweka kuku mezani na kufunga kamba kwenye mguu wa meza. Kuku akasimama juu ya kitambaa, akauangalia mkate kwa jicho moja, akaubadilishia jicho la pili, akaudonoa. Hakuna aliyecheka.

Wakangoja. Kuku akazunguka. Akachuchumaa, na wanaume wanne wakashika pumzi. Akasimama tena. Kalonji alihisi jasho likimshuka nyuma ya magoti, mahali ambapo hakujua kwamba mtu hutoka jasho. Akaomba kimoyomoyo: usitage, mama. Kisha akawaza kwamba asipotaga itasemwa amegoma. Akaomba tena: taga, mama, taga lenye moja. Moja tu, katikati.

Filimbi ikalia uwanjani.

Wote wakasimama, mikono ubavuni, nyuso kwenye mlingoti. Wafanyakazi wakaanza wimbo. Bendera ikaanza kupanda, na ikafika nusu, ikasimama. Kamba ilikuwa imenasa kwenye gurudumu la juu. Karani aliyekuwa akivuta akavuta polepole, kisha kwa nguvu, na ukosi wa shati lake ukalowa jasho. Bendera haikwenda juu wala chini. Na kwa kuwa bendera ilikuwa bado inapanda, hakuna aliyeruhusiwa kupepesa hata kope. Wimbo ukaisha. Wakauanza upya.

Ndipo Kalonji, macho yake kwenye lile duara la manjano, aliposikia kitambaa cha meza kikisuguliwa. Kwa pembe ya jicho alimwona kuku amechuchumaa. Manyoya yakasimama. Kuku akainuka nusu, akakaza, na kitu kikubwa cheupe kikatua juu ya meza kwa sauti ndogo.

Meza ya Chama haikuwa sawa. Mguu mmoja ulikuwa umekaa kwenye ufa wa saruji.

Yai likaanza kubingirika. Halikuwa na haraka. Lilipita sahani, likagusa kijiko, likazunguka kijiko. Likawa linakuja upande wa Kalonji, na mkono wake ulikuwa pale pale, karibu kabisa na ukingo. Kunyoosha vidole tu. Lakini vidole vyake viliona kofi la Henri, na vikabaki vimegandamana na suruali. Aliona kwamba lilikuwa kubwa, kubwa mno, na alijua. Alijua kabla halijafika ukingoni.

Likaanguka. Pa!

Karani akavuta mara ya mwisho, kamba ikaachia, bendera ikaruka mpaka juu. Filimbi. Watu wote uwanjani wakashusha pumzi, na wale wanne barazani hakuna aliyeishusha.

Chini, juu ya saruji, mbele ya viatu vya mjumbe vilivyong'aa, palikuwa na viini viwili. Vizima, vya mviringo, vya manjano hasa, vimeegemeana.

Mjumbe aliviangalia muda mrefu.

"Nani aliona kuku ikitaga?" mjumbe aliuliza mwishoni.

Macho yake yakamwendea Banza.

"Sitwayeni Banza. Uliona?"

Banza alifungua mdomo kusema ndiyo. Kalonji aliiona ile ndiyo ikifika kwenye midomo. Kisha Banza akaikumbuka filimbi, na ile ndiyo ikarudi tumboni ilikotoka.

"Miye, mukubwa? Miye nilikuwa naangalia bendera."

Mjumbe akamgeukia jandarme. "Weye?"

"Bendera, mukubwa."

"Weye, Kalonji?"

"Bendera."

"Basi ile pale chini," mjumbe alisema, akionyesha kwa kidole, "ni nini?"

Jandarme alidhani ameulizwa yeye. Alikuwa kijana, na swali lilionekana rahisi. Akainama, akaangalia vizuri.

"Iko yayi, mukubwa. Manjano yake iko mbi..."

Akanyamaza. Neno lilikuwa limeshatoka nusu, na nusu ile ikabaki hewani hapo barazani pa Chama, chini ya bendera. Macho ya kijana yakajaa maji. Banza akarudi hatua moja nyuma, mbali naye.

Na hapo Kalonji akaona kitu ambacho hakukitarajia. Mkono wa mjumbe, ule uliokuwa umeshika kijiko, ulikuwa unatetemeka. Kijiko kiligonga kikombe, ti, ti, ti. Mjumbe alikuwa anamwangalia jandarme, kisha Banza, kisha wafanyakazi uwanjani ambao walikuwa wameanza kugeuza shingo. Alikuwa anahesabu nani ataandika nini na kuipeleka Kinshasa: kwamba mjumbe wa Chama aliita kuku wa Mkasai, akamweka juu ya meza kwa amri yake mwenyewe, na mbele yake kukatokea mbili.

"Na weye, mukubwa," Banza aliuliza kwa upole, kama mtu anayejitahidi tu kuelewa, "uliona nini?"

Kijiko kikanyamaza.

"Bendera," mjumbe alisema.

Kuku ndiye pekee aliyekuwa na njaa. Akaruka kutoka mezani, kamba ikamtosha, akatua kwenye saruji. Akaviangalia vile viini kwa jicho moja, halafu kwa jicho la pili. Akadonoa. Cha kwanza kikapasuka na kumezwa. Wanaume wanne wakainua nyuso wakaangalia bendera, wakaiangalia kwa uaminifu mkubwa, mpaka sauti ya mdomo wa kuku kwenye saruji ilipokoma.

Walipoteremsha macho, palibaki maji maji na vipande vya ganda. Jandarme akavisukuma kwa buti mpaka kwenye majani.

"Kuku yako ni nzima," mjumbe alisema, haangalii mtu. "Ipeleke nyumbani. Na weye usionekane hapa tena."

Kalonji hakukumbuka alivyofungua ile kamba. Alitembea njia ya mto, kikapu kifuani, na kila gari lililonguruma nyuma yake lilikuwa jipu. Hakuna lililosimama. Mjumbe akaondoka siku ile ile kuelekea Punia, njia ambayo hakuna mtu anayeipita kwa haraka isipokuwa anakimbia kitu.

Ndaya na Mauwa walikuwa wanamngoja uani. Ndaya alimshika mikono yote miwili, akaigeuza kama anatafuta jeraha. Mauwa alichukua kikapu, akamtoa kuku, akampapasa tumbo, na mzaha ukamrudia kama maji yanavyorudi bombani.

"Kumbe umetua muzigo, mama! Ndani ya biro ya Chama, kama bibi ya komiseri! Sema, shemeji, ilitaga yayi ya namna gani? Kifungo ao kifuko?"

"Ilitaga," Kalonji alisema.

"Ilikuwa na manjano?" Ndaya aliuliza.

"Ilikuwa."

Mauwa akacheka kwa furaha, akapiga paja. "Ngapi?"

Kalonji aliangalia kwanza mlango.